Mti Mnene wa Nardhoj

Indrakala aligusa shina la mmea kwa kidole, na kidole kikazama.

Akakiacha humo humo kwa muda, kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya. Ilikuwa Jumamosi alasiri, siku yake ya nusu kazi, na wiki nzima alikuwa amejiahidi kitu kimoja tu, nacho ni kulala. Mabega yake yalikuwa yakiwaka moto kwa kusukuma chapati za wanafunzi wa shule ya bweni kule kilimani, maana watoto wa bweni wanakula chapati kama ng'ombe wanavyokula majani, bila hata kutazama. Alipita dirishani kuvuta pazia tu. Ndipo harufu ikamsimamisha. Harufu ya viazi vilivyosahaulika chini ya gunia.

"Usinifanyie hivi," aliuambia mmea. "Leo usinifanyie hivi."

Ulikuwa mmea wa ile aina yenye majani manene, mafupi, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa samli, na shina lenye mikunjo kama mguu wa ndama wa tembo. Mumewe, Nardhoj, aliuleta nyumbani ukiwa kitawi ndani ya mfuko wa shati, mwaka ule binti yao alipozaliwa. Mgeni mmoja kutoka Kolkata alikuwa amekikanyaga kwenye kitalu cha madungusi alikofanya kazi Nardhoj, na bosi akasema kitupwe. Nardhoj hakuwa mtu wa kutupa. Akakikausha juu ya dirisha la jiko, akakipanda kwenye kopo la maziwa ya unga, na kikawa kinakua polepole kiasi kwamba hakuna aliyewahi kukiona kikikua. Kila baada ya miaka michache aliukung'uta udongo, akauhamishia kwenye chungu kikubwa zaidi, huku akiongea nao kama kinyozi anavyoongea na mteja.

Sasa Nardhoj alikuwa amekufa, mwaka wa tatu huu. Nguo zake, godoro lake, mwavuli wake, hata viatu vyake vya kazi, vyote alipewa kuhani siku ya kumaliza matanga, ili marehemu asikose kitu huko njiani. Ndivyo inavyofanywa, na Indrakala alivikunja mwenyewe kimoja kimoja. Mvua za mwaka uliofuata zikauchukua mteremko, na nyumba ikateremka nao, na picha za ukutani na visu vyake vya kitaluni zikaenda na nyumba. Indrakala alitoka akimshika mama mkwe wake kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umekumbatia chungu. Majirani waliokuwa wamebeba masufuria na magunia ya mchele walimtazama mara mbili.

Kwa hiyo hiki ndicho kilichobaki cha Nardhoj. Hakukuwa na kingine. Na kidole chake kilikuwa kimezama ndani yake mpaka kwenye kifundo.

Hakuelewa. Hilo ndilo lililomchosha zaidi ya uozo wenyewe. Asubuhi ile ile, jikoni kwa shule, alikuwa amemuuliza Ongmit jambo hili, mwenzake wa kwenye ubao wa chapati, mwanamke wa kabila la Walepcha wa milimani humo, mwenye mdomo usio na breki.

"Majani yanaanguka," alisema Indrakala. "Ukiyapumulia tu, yanaanguka."

"Hata nywele zangu zinaanguka, mbona hunipi pole?"

"Nasema kweli, Ongmit."

"Basi unaumwagilia sana."

"Kijiko kimoja. Kijiko cha chai, tena kiangazi. Wakati wa mvua hata hicho siupi. Nardhoj alikuwa akinipiga kofi la mkononi nikisogea na kikombe."

Ongmit aligeuza chapati kwa vidole vyake ambavyo havikuwa tena na habari na moto. "Ukungu, basi. Huu ukungu wetu unaingia mpaka ndani ya soksi."

"Ukungu haujazi chungu."

"Haya, basi ni mumeo anarudi kuukojolea." Kisha Ongmit akayasikia maneno yake mwenyewe. "Samahani, dada. Mdomo huu."

Lakini Indrakala alicheka, akacheka mpaka unga ukamwingia puani, na mpishi mkuu akawauliza kama wanalipwa kwa kucheka.

Sasa hakukuwa na kicheko. Alitazama kitanda, blanketi limekunjwa vizuri. Akatazama mmea. Akajua kwamba akilala hata saa moja, atalala mpaka giza, na kesho asubuhi kabla hakujakucha atakuwa njiani kupanda kilima, na uozo hausubiri siku ya mapumziko ya mtu. Akavua sweta, akakunja mikono.

Akashuka ngazi kwenda kwa Pasang, fundi cherehani wa chini, kuomba mchanga. Pasang alikuwa akijenga choo kipya nyuma ya duka, na rundo la mchanga wa mtoni lilikuwa limelala hapo tangu kabla ya mvua.

"Chukua, dada, chukua," Pasang alisema bila kutoa pini mdomoni. "Na mwambie mama mkwe wako namshukuru. Siku hizi wateja wangu hawaogeshwi tena kutoka dirishani kwenu."

"Nitamwambia."

"Nilidhani atakasirika ulipomkanya. Mimi mwenyewe niliogopa. Mzee anampa jua maji yake ya sala, halafu wewe unamwambia asimwage, ni dhambi ya nani hiyo, yako au yangu?"

"Yako," alisema Indrakala. "Wateja ni wako."

Alijaza bakuli mchanga mkavu wa juu ya rundo, akaokota vipande viwili vya tofali, akapanda tena ngazi akishika ukuta. Mchanga, tofali lililopondwa, na makaa kutoka kwenye jiko. Udongo wa majani kidogo tu, konzi moja. Mkono wa Nardhoj alikuwa ameuona ukichanganya vitu hivi mara nyingi hata hakuhitaji kufikiri. Chungu kipya alikitoa kwenye vile vyungu vya udongo vya mtindi ambavyo hakuna mtu anayevitupa na hakuna anayejua vya nini. Akakigeuza kichwa chini, akaanza kukitoboa kwa msumari na nyundo, akigonga kidogo, akikizungusha, akigonga kidogo, maana chungu cha mtindi ukikikasirikia kinapasuka.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye roshani juu ya kigoda, miguu yake ameinyosha penye kipande cha jua kilichobaki, shanga za sala mkononi. Jina lake lilikuwa Harkamaya, lakini nyumba nzima, na duka la Pasang, na hata mwenye kuleta maziwa, walimwita Bibi.

"Unagonga nini, mkamwana?"

"Nauhamisha mmea, mama. Umeoza."

"Utaoza vipi, na maji unapata?"

Nyundo ilisimama hewani. "Unapata maji kutoka wapi?"

Bibi alisogeza shanga moja, na nyingine. Chini, cherehani ya Pasang ilikimbia, ikanyamaza.

"Mama. Nimekuuliza."

"Si wewe uliyenikataza kumwaga nje? Ulisema watu wanalowa. Ukasema, mama, tafuta mahali pengine. Nikatafuta."

Indrakala aliweka nyundo chini polepole. Aliuona wakati wote ule kwa pamoja. Yeye huondoka kungali giza. Bibi huamka jua likichungulia juu ya ukingo wa milima, anaoga, anajaza kopo lake la shaba la sala, anasimama dirishani kuelekea mashariki. Zamani, kule mteremkoni, kulikuwa na ua, na katikati ya ua kijukwaa cha mrehani mtakatifu, na maji ya asubuhi yalianguka hapo. Hapa hakuna ua. Hapa kuna dirisha, na dirishani kuna chungu. Kopo zima. Kila siku ya Mungu.

"Tangu lini?" aliuliza, ingawa alijua. Tangu alipomkanya, kabla ya mvua kuanza. Alikuwa amefurahi jinsi jambo lile lilivyoisha kwa amani.

"Mmea ni mmea," alisema Bibi. "Nao una kiu."

"Huu hauna kiu, mama. Huu ni mmea mmoja duniani usio na kiu. Nardhoj alikuambia. Alikuambia mbele yangu."

Indrakala akatandika gazeti sakafuni, akashika chungu cha zamani, akakilaza ubavu na kukipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kitu kizima kikatoka mara moja, kizito, kinachuruzika maji meusi. Hakukuwa na mizizi tena, ni nyuzinyuzi za kahawia zilizobaki mkononi kama nywele kwenye chanuo. Akaanza kuondoa kokoto za juu, zile ambazo Nardhoj alizipanga kwa urembo. Na hapo chini ya kokoto akaona mbegu. Mbegu ndogo nyeusi, nyingi, zimeshikana kama wadudu, nyingine zimeshatoa uzi mweupe wa mche uliokosa mwanga.

Alichukua moja kwa ncha ya kucha. Akaisogeza karibu na macho.

"Huu ni ufuta," alisema.

Shanga zilisimama.

"Jua halipewi ufuta, mama."

Kila mtu anajua hilo. Jua hupewa maji na ua jekundu, basi. Maji yenye ufuta mweusi ni maji ya wafu. Na maji ya wafu hutolewa na mtoto wa kiume, mikono miwili, akiita majina, na hasa katika hizi wiki mbili za kabla ya sikukuu ya Dashain, wakati wafu wa kila nyumba husimama mlangoni na koo kavu. Nardhoj hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja, Binu, ambaye ameolewa Siliguri, mji wa bondeni kwenye joto. Mpwa wa Assam aliahidi kuyatoa maji hayo, na kila mwaka akatuma udhuru. Mwaka wa kwanza alikuwa mgonjwa, wa pili gari liliharibika, na mwaka huu hata udhuru wenyewe haukufika.

"Jua lina mito yote," Bibi alisema mwishowe, akitazama miguu yake. "Lina Teesta nzima. Nardhoj ana nani?"

Indrakala alikaa kwenye gazeti akiwa na ule mwili uliooza mapajani. Kitu kilimpanda kifuani, kikali, na kilikuwa tayari kabisa kutoka mdomoni. Alitaka kusema, umemuua mara ya pili. Lakini hasira nayo inahitaji nguvu, na yeye nguvu zake alikuwa ameziacha kwenye ubao wa chapati. Kikatoka kingine.

"Hiki ndicho kilichokuwa kimebaki chake, mama. Hiki tu."

"Ndiyo nikampa hapo. Ulitaka nimpe wapi? Kwenye sinki?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Mwanamke anatoa maji ya wafu, mama anampa mwanawe, mambo ya kinyumenyume hayo. Ungeniambia nimechanganyikiwa. Si mnasemezana hivyo na Binu kwenye simu? Masikio yangu yako sawa, ni magoti tu."

Hilo lilikuwa kweli. Akainuka, akaenda kuchukua kisu, akakipitisha kwenye moto wa gesi mara mbili, akarudi.

Alikata shina juu ya ule mzizi uliokufa. Ndani lilikuwa kahawia, kama chai iliyosimama. Akakata juu zaidi. Kahawia. Akakata kwenye panda, pale mguu wa tembo ulipogawanyika kuwa mikono, na vipande vikawa vinaanguka kwenye gazeti kimoja baada ya kingine, laini, bila sauti. Hivi ndivyo Nardhoj alivyomfundisha, bila kukusudia kumfundisha. Unakata mpaka ukute kijani tupu, na ukiona hata nukta moja ya kahawia katikati usijidanganye, kata tena.

Bibi alikuwa amesogeza kigoda. Kwanza kidogo, halafu mpaka magoti yake yakagusa bega la mkamwana wake.

"Bado?" aliuliza.

"Bado."

Tawi la kwanza liliisha lote. La pili, lile kubwa lililokuwa likielekea dirishani, lilionekana zima kwa nje, majani yake bado yamejaa, na Indrakala alilikata kwa tumaini. Katikati palikuwa na duara jembamba la rangi ya kutu. Akakata tena juu, duara lipo. Akakata tena.

"Na hapo?"

"Tazama mwenyewe."

Bibi aliinama, pua yake karibu kugusa kisu. "Kuna kitone."

"Kipo, ndiyo."

"Labda ni kivuli."

"Si kivuli, mama."

"Kata basi, kata," Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Kata, mwanangu. Usiache."

Walipofika mwisho wa mmea uliochukua umri wote wa Binu kukua, vilibaki vitawi viwili. Kimoja kirefu kiasi cha kidole cha kati, kingine kidogo kama kidole gumba, kila kimoja na majani machache. Indrakala alivikata chini mara ya mwisho na kuvigeuza kwenye mwanga. Kijani. Kijani cheupe, kisafi, chenye unyevu kidogo. Alivitazama mara tatu kwa sababu hakuyaamini macho yake yaliyochoka, kisha akampa Bibi naye avitazame.

"Hamna kitone," Bibi alisema.

"Hamna."

Cherehani ya Pasang ilikuwa imefungwa, na harufu ya dengu ya mtu mwingine ilikuwa ikipanda ngazi.

"Sasa unapanda?" aliuliza Bibi.

"Sasa havipandwi. Vinakaa hivi hivi juu ya karatasi, mpaka kidonda kifunge. Jumamosi ijayo nikijaliwa. Halafu tunavipanda kwenye mchanga, na hakuna maji."

"Hata tone?"

"Hata tone. Mpaka vitoe mizizi."

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayetafuna. "Na yeye," alisema, "muda wote huo atakunywa nini?"

Jibu la haraka lilikuwepo, na Indrakala alilimeza. Jumatatu, juu ya ubao wa chapati, alimweleza Ongmit yote, na Ongmit kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alisema tu, "Vilete kwangu vyote viwili. Mimi nyumbani sina mama mkwe, nina paka. Vitapona, wewe utakuja kuvitazama."

Lilikuwa wazo jema, na Indrakala alitembea nalo wiki nzima, akipanda kilima nalo, akishuka nalo. Kila asubuhi alipoondoka alivisogeza vile vitawi juu kabisa ya kabati la vyombo, pasipofikika na mtu mwenye magoti mabovu. Na kila jioni aliporudi alilikuta kopo la shaba liko dirishani, mahali pa chungu, limejaa mpaka ukingoni. Bibi hakuwa ameyamwaga. Hakuwa amepata pa kuyamwaga. Alikuwa akiyajaza, anasimama nayo, halafu anayaweka chini. Hakulalamika hata siku moja, na Indrakala angependelea alalamike.

Jumamosi vidonda vilikuwa vimefunga, vikavu, vyenye ngozi nyembamba kama ya goti la mtoto. Indrakala alitandika gazeti. Akatoboa chungu cha pili cha mtindi, cha kwanza kilikuwa tayari. Akaweka kigae juu ya tundu, akamimina ule mchanganyiko wa mchanga na tofali na makaa, akachimba shimo kwa kidole, akasimamisha kitawi kidogo, akakibana kwa kokoto ili kisianguke. Akafanya vivyo hivyo kwa kile kirefu.

Kile kidogo alikirudisha juu ya kabati. Kile kirefu alikibeba mpaka dirishani, akasogeza kopo la shaba, akakiweka.

"Huu ni wako, mama," alisema. "Ule wa juu ni wangu, usiuguse. Huu fanya nao unavyotaka."

Bibi aliuangalia, akamwangalia yeye. "Si ulisema hata tone."

"Nilisema."

"Utaoza."

"Utaoza, ndiyo. Labda kabla baridi haijaingia." Indrakala alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akajipangusa vumbi la makaa kwenye magoti. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Ule wa juu ungetoa tawi mwakani, kama utatoa. Angelikata, angelikausha, angelipanda, na lingeoza nalo, na angekata jingine. Kazi nyingine tena juu ya zile alizonazo, na hakuna hata moja kati ya hizo aliyokuwa na mikono ya kuifanyia. "Ukioza nitakukatia mwingine. Ule ukitoa tawi, la kwanza ni la kwako."

"Na usipotoa?"

"Basi tutatazamana, mama. Mimi na wewe."

Bibi alicheka kidogo, puani. Kisha akainuka kwa kushika dirisha, akachukua kopo kwa mikono miwili. Jua halikuwa mashariki, lilikuwa limekwisha kuzunguka nyuma ya nyumba, lakini hakuonekana kulijali. Alichovya vidole kwenye kikebe cha ufuta alichokuwa akikificha ndani ya mfuko wa shali yake, na safari hii hakukificha.

"Usiweke mengi," alisema Indrakala, kwa mazoea tu.

"Alikuwa na kiu sana, huyu," Bibi alisema. "Tangu mdogo. Anakunywa kopo zima bila kuvuta pumzi, halafu anakuuliza kama liko jingine."

Na akamwaga.